Kuseti Geini ya Amplifaya ya Gari Bila Kuunguza Spika

Tazama namba zilizochapwa kuzunguka kitufe cha geini kwenye amplifaya ya gari. Kushoto kabisa, pale ambapo wengi tunapaita chini, utakuta 6V au 8V. Ukizungusha bisibisi kwenda kulia namba zinapungua: 4, 2, 1, mpaka 0.2V mwisho. Kitufe cha kuongeza sauti kingekuwa na namba zinazopanda. Hizi zinashuka kwa sababu zinataja ukubwa wa umeme wa muziki unaotoka kwenye redio ambao unatosha kuifikisha amplifaya kwenye nguvu zake zote. Ukiweka 4V, umeiambia amplifaya: redio ikituma volti 4, toa ulichonacho chote. Ukiweka 0.2V, umeiambia itoe ilichonacho chote hata redio ikinong'ona tu.

Kutokana na hapo kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: geini haiongezi hata wati moja. Amplifaya ya wati 500 ni ya wati 500 geini ikiwa robo, na ni ya wati 500 geini ikiwa mwisho. Kinachohama ni mahali kwenye kitufe cha sauti cha redio ambapo wati hizo zinaisha. Tuseme redio yako inakwenda hadi 40. Geini ikikaa sawasawa, wati 500 zinafikiwa redio ikiwa 33 au 34. Geini ikijazwa, wati zilezile zinafikiwa redio ikiwa 12, na kuanzia 13 kwenda juu hakuna muziki mwingine uliobaki humo. Kuna kelele na joto.

Watu wengi hunaswa hapa. Mtu akiingia kwenye gari ambalo geini imejazwa, akagusa redio kidogo na sauti ikamrukia, anaamini mfumo huo una nguvu. Akiingia kwenye gari lililosetiwa vizuri, redio ikiwa 12, anaona sauti ni hafifu na kuanza kuitilia shaka amplifaya. Mimi humwomba apandishe redio hadi 30 na asikilize wimbo mzima kabla hajasema neno. Upole wa namba za mwanzo ni dalili nzuri: maana yake kitufe cha redio kinafanya kazi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na una nafasi ya kuchagua sauti ndogo, ya kati au kubwa kwa utulivu.

Ili kuelewa kwa nini hili lina uzito, lazima tuingie ndani ya amplifaya kidogo. Kila amplifaya ina dari. Kuna sehemu ndani yake inayochukua volti 12 za gari na kuzipandisha. Kwa amplifaya ya wati 500 kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), lazima zifike kama volti 65 juu ya sifuri na 65 chini yake. Wimbi la muziki linacheza kati ya mipaka hiyo miwili. Muziki ukitaka wimbi lifike volti 90, halifiki. Linagonga 65, linalala bapa hapohapo, na linabaki limelala mpaka wakati wake wa kushuka. Kilele kilichotakiwa kuwa cha mviringo kimekatwa. Mafundi wanasema amplifaya inaklipu.

Hali hii huja ghafla, na kuna sababu. Mwaka 1927 mhandisi Harold Black wa Bell Labs alibuni mrejesho hasi: njia ya kuchukua sehemu ya kile amplifaya inachotoa, kukilinganisha na kilichoingia, na kusahihisha tofauti papo hapo. Amplifaya nyingi mno tulizo nazo zinategemea wazo hilo, na ndiyo maana zinatoa sauti safi sana. Lakini mrejesho hauwezi kuumba volti ambazo hazipo. Wimbi likiwa chini ya dari, kila kosa dogo linasahihishwa. Likigusa dari, hakuna tena cha kusahihishia. Kwa hiyo amplifaya inakuwa safi, safi, safi, kisha nusu ya hatua moja mbele imeharibika. Sikio lisilozoea halipewi onyo la polepole.

Sasa fikiria spika inapokea nini. Wimbi laini lenye vilele vya mviringo linapokatwa zaidi na zaidi, linaelekea kuwa wimbi la mraba. Kwa kilele kilekile cha volti, wimbi la mraba linabeba nguvu mara mbili ya wimbi laini. Amplifaya ya wati 500 iliyosukumwa hadi mwisho wa upumbavu huu inaweza kukaribia wati 1000 za joto kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, mradi betri na waya vimudu kuilisha. Na muziki wa kawaida, wenye mdundo na kimya kati ya mdundo na mdundo, huipa koili muda wa kupoa. Muziki uliokatwa vilele huwa umejaa muda wote. Koili haipumziki.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza ile namba maarufu ya "50W x 4" kwenye uso wa redio nyingi. Redio ya kawaida haina sehemu ya kupandisha volti. Inatumia zilezile za gari, 14.4 injini ikiwa inawaka. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawanya kwa omu 4: unapata karibu wati 52. Hiyo ni nguvu ya wimbi la mraba kamili. Kwa wimbi laini ni nusu yake, wati 26, na ukitoa hasara za ndani unabaki na kama 20 safi kwa kila spika. Namba iliyoandikwa kwenye uso wa redio ni ya sauti ambayo hakuna mtu anayetaka kuisikiliza.

Joto lina mtego wake mwingine. Koili ni waya wa shaba, na ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ikipanda nyuzi 200, jambo linalowezekana kabisa kwenye sabufa (spika kubwa ya besi) inayochapwa kwa muda mrefu, ukinzani wake unaongezeka kwa karibu asilimia 80. Spika inavuta umeme mdogo zaidi, sauti inapungua, na aliye kwenye usukani anafanya nini? Anaongeza. Baadaye gari linanuka gundi na vanishi iliyoungua, na lawama zote zinaangukia spika.

Kuna msemo kwamba amplifaya ndogo huua spika kubwa. Naukubali nusu tu. Amplifaya ya wati 50, hata ikikatwa hadi mraba, haizidi kama wati 100, na sabufa inayobeba wati 300 itazimeza bila kuumia. Kinachoumia ni twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Amplifaya inayoklipu huzalisha masafa ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo, na sehemu za juu zilizokuwa ndogo hupandishwa karibu na sehemu kubwa, kwa hiyo twita yenye koili nyembamba inapokea mzigo ambao haikutengenezewa. Kinachoua ni joto kuzidi uwezo wa koili, iwe limetoka kwenye amplifaya ndogo au kubwa.

Kabla ya kugusa bisibisi, rudi kwenye redio. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ina uzito kuliko geini yenyewe. Muziki unapita mikono mingi kabla ya kufika kwenye amplifaya: faili lenyewe, sauti ya simu, Bluetooth, ikwalaiza ya redio (mpangilio wa besi na trebo), kitufe cha sauti cha redio, pengine prosesa ya sauti, kisha nyaya za RCA zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya. Kila mkono una dari yake. Wimbi likikatwa na redio, amplifaya italikuza jinsi lilivyo, likiwa limekatwa, hata geini yake iwe chini kabisa. Hakuna kitufe mbele ya safari kinachoweza kurudisha kilele kilichokatwa nyuma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua redio yako iko safi hadi namba gani. Ikwalaiza yote iweke sifuri, zima kile kitufe kinachokuza besi na trebo kwenye sauti ndogo, weka usawa wa kushoto na kulia, mbele na nyuma, katikati. Cheza toni ya majaribio ya hezi 1000 iliyorekodiwa kwenye desibeli 0, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho rekodi ya kidijitali inaweza kubeba. Unganisha osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi kwenye kioo, kwenye RCA na upandishe sauti polepole ukitazama vilele. Siku hizi kuna osiloskopu ndogo za mkononi zinazotosha kabisa kwa kazi hii. Vilele vikianza kuwa bapa, rudi nyuma hadi viwe mviringo tena, halafu shuka namba moja zaidi. Hiyo namba iandike. Redio nyingine huwa safi hadi mwisho kabisa, nyingine zinakata robo ya mwisho yote. Ushauri wa "weka redio robo tatu" unafanya kazi kama kukisia. Kupima ni bora, kwa sababu redio mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana sana hapa.

Ukicheza kwa simu kupitia Bluetooth, sauti ya simu iwe imejaa wakati wa kupima na wakati wote baadaye. Na programu nyingi za muziki zina mpangilio wa kusawazisha sauti kati ya wimbo na wimbo. Uache ulivyo ulipopima, kwa sababu ukiubadilisha umebadilisha kiasi cha umeme kinachoingia kwenye amplifaya.

Kwa redio iliyokuja na gari kutoka kiwandani kuna ugumu wa ziada. Nyingi hazina RCA, unachukua sauti kutoka kwenye nyaya za spika, na baadhi hupunguza besi zenyewe kadiri unavyoongeza sauti ili kulinda spika ndogo za kiwandani. Toni ya hezi 40 kwenye redio kama hiyo itakudanganya. Pima kwa masafa kadhaa, na kwenye sauti kadhaa, kabla hujaamini chochote.

Ndipo tunafika kwenye geini. Njia ya multimita inapendwa kwa sababu karibu kila fundi anayo, na hesabu yake inatokana na kanuni ya Ohm tuliyoisoma shuleni: zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili, unapata volti. Wati 500 kwenye omu 4 ni kipeuo cha pili cha 2000, yaani volti 44.7. Wati 500 kwenye omu 2 ni volti 31.6. Wati 75 kwenye omu 4, kwa spika za milangoni, ni volti 17.3. Unatoa nyaya za spika kwenye amplifaya, geini unaishusha mpaka chini, redio unaiweka kwenye ile namba safi uliyoandika, unacheza toni ya hezi 40 au 50 kwa sabufa na 1000 kwa spika za milangoni, multimita ikiwa kwenye volti za AC na ncha zake pale nyaya za spika zilipotoka. Kisha unapandisha geini polepole hadi usome volti ulizokokotoa. Besi busti, kitufe cha amplifaya kinachokuza besi, izimwe. Krosova, sehemu inayochagua masafa yapi yaende kwenye spika ipi, isiwe inakata masafa ya toni unayoitumia, la sivyo utapandisha geini kufidia kitu ambacho krosova imekimeza.

Usishike ncha za nyaya wakati toni inacheza. Volti 44 za AC si za kuchezea.

Njia hii ni nzuri na mimi naitumia, ila inahitaji uelewe kile multimita isichoweza kuona. Multimita haioni umbo la wimbi. Amplifaya ikianza kuklipu, namba kwenye kioo inaendelea kupanda, kwa sababu wimbi la mraba lina volti nyingi za wastani kuliko wimbi laini. Ikiwa namba ya wati uliyoanzia ni ya uongo, multimita itakuongoza kwa uaminifu hadi kwenye uongo huo. Na namba za uongo zimejaa. Boksi limeandikwa wati 2000, fyuzi za amplifaya jumla yake ni ampea 40. Ampea 40 mara volti 14.4 ni wati 576 zinazoingia, kabla ya hasara yoyote, na hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Ukitafuta volti za wati 2000 kwenye amplifaya hiyo, utazungusha geini mpaka mwisho na hutazipata zikiwa safi.

Mahali pa kuanzia ni kipimo cha CEA-2006, kilichotolewa Marekani mwaka 2003 na sasa kinaitwa CTA-2006. Kinadai wati zipimwe kwa volti 14.4, kwenye omu 4, uchafu wa sauti usizidi asilimia 1. Amplifaya ikiwa na wati zilizopimwa hivyo, hesabu ya multimita inaaminika. Isipokuwa nazo, angalia fyuzi, kadiria kwa unyenyekevu, au tumia osiloskopu kwenye amplifaya kama ulivyofanya kwenye redio. Osiloskopu haijali kilichoandikwa kwenye boksi. Inakuonyesha dari ya kweli, ya amplifaya hii, kwenye gari hili, kwa betri hii.

Na betri ina sauti kubwa katika jambo hili. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa hukaa kwenye volti 12.6, injini ikiwaka, oltaneta inaipandisha hadi 13.8 au 14.4. Amplifaya nyingi dari yao hufuata volti zinazoingia, na nguvu hufuata mraba wa volti: kutoka 14.4 kushuka 12.6 unapoteza karibu robo ya wati zote. Ukiseti injini ikiwaka kisha ukacheza muziki gari limezimwa, dari imeshuka na muziki wako unaigonga mapema. Mimi naseti injini ikiwaka, gari likiwa mahali wazi kabisa kwa sababu ya moshi, kwa kuwa muziki mwingi husikilizwa safarini. Anayependa kuegesha gari na kupiga muziki kwa muda mrefu aseti injini ikiwa imezimwa, akubali wati pungufu. Sababu hiyohiyo inahusu waya mwembamba na athi iliyofungwa juu ya rangi ya bodi: volti zinazopotea njiani ni dari inayoshuka kila mdundo unapogonga.

Swali ambalo mafundi wenye ujuzi hawakubaliani ni kiwango cha toni. Desibeli 0 ndiyo salama zaidi: hakuna wimbo unaoweza kuzidi hapo, kwa hiyo redio ikiwa kwenye namba yake safi amplifaya haitaklipu kwa wimbo wowote. Lakini muziki halisi haukai kwenye desibeli 0. Vilele vinagusa huko kwa kitambo kidogo. Mwili wa wimbo unakaa chini sana, na besi peke yake katika nyimbo nyingi haijafika hata nusu ya safari. Ukiseti kwa desibeli 0, rekodi za zamani zilizorekodiwa kwa upole zitasikika ndogo hata redio ikiwa mwisho wake, na amplifaya itakuwa na nguvu nyingi ambazo hazitumiki.

Ndiyo maana wengi wanaseti kwa toni iliyorekodiwa desibeli 5 chini, na kwa sabufa 10 chini. Lazima ujue unachokubali. Desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu. Ukiseti sabufa ya wati 500 kwa toni ya desibeli 10 chini, wimbo wenye besi iliyofika desibeli 0 utaitaka amplifaya itoe volti 141 pale inapoweza kutoa 44.7. Itaklipu sana. Unategemea kwamba nyimbo za namna hiyo ni chache, na kwamba anayeshika kitufe anajua kukirudisha nyuma.

Hapo mimi naangalia mambo mawili. La kwanza ni spika: kama sabufa inabeba joto mara mbili ya wati za amplifaya, nina utulivu wa kutumia toni ya desibeli 5 chini, na pengine 10. Kama wati za spika na amplifaya ni sawa, natumia 0. La pili ni nani ataendesha. Gari linaloendeshwa na mtu mmoja anayelijua, naweza kumwachia nafasi. Gari la familia, au linalopita mikono ya madereva tofauti, ni desibeli 0 bila mjadala, kwa sababu mtu asiyejua lolote kuhusu geini ana haki ya kuzungusha redio mpaka mwisho bila kuharibu kitu.

Wanaosikitikia wati zinazoachwa wakumbuke jinsi sikio linavyofanya kazi. Kuongeza nguvu mara mbili ni desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia lakini ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Ukishusha geini desibeli 2 chini ya kikomo umeacha zaidi ya theluthi ya wati zako zote, na ukisikiliza wimbo utatafuta tofauti kwa shida. Ni bei ndogo mno kwa koili inayopumua.

Kwa hesabu hiyohiyo nina ugomvi na besi busti. Kitufe hicho kidogo, mara nyingi kikiwa kwenye hezi 45 hivi, kinaweza kuongeza hadi desibeli 12, na amplifaya nyingine 18. Desibeli 12 ni karibu mara kumi na sita ya nguvu. 18 ni mara sitini na tatu. Mtu amekaa na multimita akaseti geini kwa uangalifu, kisha akafungua busti na kufuta kazi yote kwa mzunguko mmoja. Kama kweli unaitaka, iwashe kabla ya kuseti geini na utumie toni ya masafa yaleyale inayoyakuza, ili hesabu iihusishe. Ile rimoti ya besi inayofungwa karibu na dereva nayo iwe imejaa wakati wa kuseti. Baadaye ushuke kutoka hapo. Sabufa inayohitaji busti ya desibeli 12 ili isikike ina shida ya boksi ilimofungwa, au ya fezi (chanya na hasi zilizogeuzwa), au imefungwa mahali pabaya, na shida hizo hazitibiki kwa umeme.

Ukiishafika kikomo cha kila amplifaya, kilichobaki ni kusikiliza, na hapo sheria yangu ni moja: geini inashuka tu, haipandi. Karibu kila mara sabufa ndiyo itakayokuwa kubwa kuliko spika za mbele. Ishushe mpaka besi ikae ndani ya wimbo na uache kuisikia kama kitu kilichobebwa nyuma. Krosova kwenye hezi 80 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa pande zote mbili. Geuza chanya na hasi za sabufa uone upande gani una besi nzito zaidi pale kwenye kiti cha dereva, ubaki na huo. Sikiliza asubuhi, sikio likiwa limepumzika. Baada ya saa nzima ya kishindo sikio hudai zaidi ya linachohitaji.

Kuna dalili moja ya kusikia ambayo naiamini, hata bila kifaa chochote. Besi ya hezi 40 iliyo safi huwezi kuonyesha kwa kidole inatoka wapi, inajaza gari. Amplifaya ya sabufa ikianza kuklipu, inazaa hezi 120, 200, 280, na krosova haiwezi kuzizuia kwa sababu zimezaliwa baada yake, kwenye hatua ya mwisho kabisa. Hizo sikio linajua mahali zinapotoka. Ghafla besi inahamia kwenye buti, inakuwa kavu, inagonga kama ubao. Ukisikia besi imehama, rudisha redio nyuma kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu mvumo na ule mlio unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, geini iliyojazwa huukuza pamoja na muziki, kwa hiyo geini ya chini na redio yenye volti nyingi za RCA huleta ukimya mzuri kati ya nyimbo. Lakini mlio wa oltaneta chanzo chake huwa athi au nyaya za RCA zilizopita ubavuni mwa waya wa betri. Tengeneza huko.

Mwisho, kila kiungo kinachobadilishwa kinaifungua hesabu upya. Ukitoa redio ya volti 2 na kufunga ya volti 4, umeongeza desibeli 6 kwenye mlango wa amplifaya, mara nne ya nguvu, bila bisibisi kugusa chochote. Ukiunganisha sabufa ya pili na omu zikashuka kutoka 4 hadi 2, volti unazozitafuta zimebadilika. Shusha geini mpaka chini kabla ya wimbo wa kwanza, pima redio mpya iko safi hadi wapi, kisha panda tena kutoka hapo.